Diski Orijino Inapogoma: Kufuli la Filamu Linamfunga Nani?

Shemeji yangu anayeishi Marekani alimtumia mama mkwe kifurushi kwa mkono wa mtu aliyekuwa anarudi nyumbani. Ndani mlikuwa na nguo, dawa ya kuchua magoti na diski sita za filamu, zote orijino, nailoni yake haijachanwa. Jumapili jioni tukakusanyika sebuleni kwake Kirumba, Mwanza, watu tisa na sinia la karanga. Diski ya kwanza ikaingia kwenye deki, ikazunguka, kisha skrini ikaandika kwa Kiingereza kwamba eneo si sahihi. Ya pili vivyo hivyo. Zote sita zikagoma. Mmoja akasema ni feki, mwingine akasema TV imezeeka, na mtoto wa darasa la sita akasema labda serikali ya Marekani imezifunga. Mama mkwe hakusema neno. Alizipangusa kwa upindo wa kanga, moja baada ya nyingine, akazirudisha kwenye makasha yake.

Diski zile hazikuwa feki. Ziligoma kwa sababu zilikuwa orijino. Filamu hizohizo zingekuwa za kuchomwa, zile zinazopangwa juu ya turubai pale Makoroboi, zingecheza bila kuuliza swali. Aliyelipa bei kamili dukani alifungiwa nje, na aliyenunua ya kuchomwa angeangalia hadi mwisho. Jambo hili lilinikera kiasi cha kunifanya nilifuatilie, na kadiri nilivyolifuatilia ndivyo nilivyoona kwamba wengi wetu tunachanganya vitu ambavyo havifanani.

Tuanze na maana. Hakimiliki ni haki ya kisheria ya mtu aliyeitunga kazi, au aliyeinunua haki hiyo kwa mtunzi, kuamua nani aitoe nakala, nani aiuze na nani aionyeshe hadharani. Kwa Tanzania Bara inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na ofisi inayoisimamia ni COSOTA. Umiliki wa diski ni kitu kingine: ile plastiki uliyoinunua ni mali yako kama sufuria yako ilivyo, ingawa hadithi iliyomo ndani haijawa yako. Kitu cha tatu ni kufuli. Hili ni agizo la kiufundi lililofichwa ndani ya diski au ndani ya deki, linaloamua kama picha itatoka au haitatoka, na kama itanakilika au haitanakilika.

Chukua mfano wa kiwanja. Hakimiliki ni hati. Inasema mwenye eneo ni nani, na mkigombana mnaamuliwa na mahakama. Kufuli ni geti la chuma. Geti halisomi hati. Halijui kama anayeligonga ni mwizi, ni mgeni aliyealikwa, au ni mwenye nyumba aliyesahau ufunguo. Linafanya lilichoelekezwa na fundi aliyelichomelea, basi. Kosa la wengi ni kudhani kwamba palipo na geti ndipo penye sheria, kwamba likikuzuia umekosea na likikupitisha umeruhusiwa. Kwenye filamu si hivyo hata kidogo.

Ulimwengu uliogawanywa vipande sita

Kufuli lililotukomesha Kirumba linaitwa msimbo wa eneo. DVD zilipoanza kuuzwa miaka ya 1990, kampuni kubwa za filamu ziliigawa dunia katika maeneo sita. Marekani na Kanada ni eneo la 1. Ulaya, Japani, Mashariki ya Kati, Misri na Afrika Kusini ni la 2. Asia ya Kusini-Mashariki ni la 3, Australia na Amerika ya Kusini la 4, China la 6. Sisi wa Mwanza, pamoja na sehemu kubwa ya Afrika, India na Urusi, tuko eneo la 5. Diski ya eneo la 1 ikiingia kwenye deki ya eneo la 5, deki inasoma namba, inaona hazilingani, inakataa.

Sababu yake haikuwa wizi. Filamu moja ilikuwa inaanza kuonyeshwa kwenye majumba ya sinema ya Marekani, kisha inafika Ulaya baada ya miezi kadhaa, na bei ya diski nayo inatofautiana kutoka soko hadi soko. Kampuni hazikutaka mtu wa Paris aagize diski kutoka New York kabla filamu haijafika sinema za kwao, wala hazikutaka diski za soko la bei ndogo zihamie kwenye soko la bei kubwa. Kwa maneno mengine, kufuli hili lilikuwa linalinda mpango wa biashara. Fikiria ununue sufuria Nairobi, umelipa, una risiti, ukifika nayo Mwanza ikatae kusonga ugali kwa sababu imepangiwa majiko ya Kenya. Nani angekubali? Lakini kwa diski tumekubali, kwa sababu hatukuambiwa. Tuliambiwa tu “imegoma”.

Jumatatu asubuhi nikamchukua mama mkwe, deki na zile diski hadi kwa fundi mmoja mjini. “Mwangaluka mayu,” akamwamkia mama kwa Kisukuma, akampa stuli, kisha akaichomeka deki kwenye TV yake ndogo ya majaribio. Hakufungua hata skrubu moja. Alichukua rimoti, akafungua mlango wa deki, akabonyeza namba kadhaa kwa mpangilio anaoujua yeye, na ukurasa ambao sikuwahi kuuona ukajitokeza kwenye skrini. Penye namba 5 akaweka 0, yaani deki ikubali maeneo yote. Deki nyingi za bei nafuu zina ukurasa huu uliofichwa. Watengenezaji waliuacha humo kwa sababu wanauza deki ileile nchi nyingi. Kazi yote haikufika dakika mbili.

Diski tano zikacheza, ila picha ilikuja nyeusi na nyeupe. Hapa napo watu husema diski ina kufuli, na si kweli. Marekani walikuwa wanatumia mfumo wa rangi wa NTSC na sisi tukitumia PAL. TV ya zamani isiyoujua ule wa kwao inaonyesha picha bila rangi. Kwenye TV mpya hulioni tatizo hilo. Fundi akabadilisha mpangilio wa deki, nguo za watu zikapata rangi.

Ya sita ikaleta ramani ya dunia na maandishi. Fundi akacheka kidogo, akamweleza mama: “Hii, mayu, inaiuliza deki wewe ni wa wapi. Ukijibu wa popote, inakufukuza.” Alikuwa sahihi. Baada ya watu kuzizoea deki za maeneo yote, baadhi ya diski za Marekani zilianza kutengenezwa ziweze kuitambua deki ya namba 0 na kuikataa. Akarudi kwenye ukurasa uleule, akaweka 1 badala ya 0, diski ikakubali. Kwa hiyo ukiambiwa deki “imefunguliwa” na bado diski moja inagoma, usikimbilie kusema umetapeliwa. Mwombe fundi aitaje namba ya diski yenyewe. Na kama unaangalia kwa kompyuta, kuwa mwangalifu: kifaa chake cha kusomea DVD huruhusu kubadilisha eneo mara tano tu, na ile ya mwisho inabaki hapo hapo daima.

Kufuli lisilokiona kiwanda cha wezi

Kufuli la pili ndilo watu wanaloliwazia wakisikia “haichomeki”. Kwenye DVD linaitwa CSS, lilianza 1996. Lilivyo ni kama king'amuzi cha TV ya kulipia. Mawimbi yanafika kwenye dishi lako ulipie usilipie, lakini yamevurugwa, na bila kadi hai unaona giza. Filamu ndani ya DVD nayo imevurugwa kwa hesabu, na kila mtengenezaji wa deki hupewa ufunguo wa kuipanga upya picha, kwa masharti. Ukinakili mafaili ya diski hiyo kwa kompyuta bila kuyafungua, unapata faili lililojaa uchafu.

Hapa nataka twende taratibu, kwa sababu ndipo uongo mkubwa ulipojificha. Tunaambiwa kufuli hili lilikuja kuwazuia maharamia. Sasa angalia kinachotokea. Ufunguo wa kila diski umeandikwa kwenye sehemu maalumu ya diski yenyewe. Diski tupu unazouziwa dukani zina sehemu hiyo ikiwa imezibwa tangu kiwandani, hivyo mama wa nyumbani anayetaka nakala ya akiba ya katuni za watoto hawezi kuihamisha. Lakini mwizi mwenye mashine ya kiwandani ya kugonga diski hana haja ya kuvunja chochote. Anagonga diski nzima kama ilivyo, kufuli na ufunguo wake pamoja, na diski yake inacheza popote ile ya halali inapocheza. Ni sawa na kunakili sanduku zima la bati pamoja na kufuli lake na ufunguo ukiwa umening'inia. Anayezuiwa ni mtu wa nyumbani. Mwenye kiwanda anapita.

Isitoshe, kufuli lilikuwa dhaifu. Ufunguo wake ulikuwa wa biti 40, yaani michanganyiko trilioni moja na ushee. Inasikika mingi, lakini kwa kompyuta si mlima. Mwaka 1999 programu moja ya kuangalia DVD kwenye kompyuta ilikutwa imeuacha ufunguo wake wazi, na mwaka huohuo kijana wa Norwe aitwaye Jon Lech Johansen, wa miaka 15, akashiriki kutoa programu ndogo ya kufungua diski. Kampuni za filamu zililalamika, na waendesha mashtaka wa Norwe wakamfikisha mahakamani. Utetezi wake ulikuwa kwamba diski alizinunua, na alitaka kuziangalia kwenye kompyuta yenye mfumo wa Linux, ambao haukuwa umetengenezewa programu rasmi ya kuangalia DVD. Januari 2003 mahakama ya Oslo ikamwachia huru, na Desemba mwaka huohuo mahakama ya rufaa ikakubaliana nayo: mtu ana haki ya kuiangalia filamu aliyoinunua kihalali.

Marekani walikwenda njia nyingine. Sheria yao ya 1998 inalifanya lile tendo la kuvunja kufuli kuwa kosa, hata pale ambapo unachokwenda kukifanya na nakala hakina ubaya. Rudi kwenye geti letu: ni kama kusema kuruka geti ni kosa hata kama kiwanja ni chako.

Picha inayopumua

Wanaozikumbuka kanda za video, zile nene nyeusi, watalijua kufuli la tatu kwa dalili yake. Picha inang'aa, inafifia, inang'aa tena, kana kwamba mtu anacheza na taa. Linaitwa Macrovision na lilianza katikati ya miaka ya 1980. Mashine ya kurekodi kanda ina kifaa kinachopima nguvu ya mwanga wa picha na kuirekebisha yenyewe. Macrovision huweka mipigo ya uongo kwenye mistari ya juu ya picha, isiyoonekana kwenye skrini. TV haiisumbukii. Mashine ya kurekodi inadanganyika, inadhani picha ni kali mno, inaipunguza. Kisha inadhani imefifia, inaipandisha. Nakala inakuwa ya kuumiza macho.

Deki za DVD nazo zikawekewa uwezo huo wa kutoa mipigo ikiwa diski imeagiza. Sasa kumbuka nyumba zetu za miaka ya 2000. TV nyingi zilikuwa na tundu moja tu la waya, na tundu hilo limeshikwa na mashine ya kanda. Baba ananunua deki, anaipitisha ndani ya mashine ya kanda ili ifike kwenye TV. Hataki kurekodi chochote. Picha inaanza kupumua. Deki nyingi nzuri zilirudishwa madukani kwa ubaya ambao haukuwa wake.

Na liko jingine dogo, ambalo mimi naliona la dharau kuliko yote. Unaweka diski uliyoinunua, unataka filamu ianze, inatokea ilani ndefu ya Kiingereza kuhusu wizi wa filamu. Unabonyeza kitufe cha kuruka, deki inakataa. Diski imeagiza kitufe kisifanye kazi kwa muda huo. Aliyenunua ya kuchomwa ilani hiyo haioni, aliyeichoma aliikata. Anayehubiriwa kuhusu wizi ni yule pekee ambaye hakuiba.

Ugomvi huu ni wa zamani

Mashine za kurekodi za nyumbani zilipoingia sokoni, Betamax ya Sony mwaka 1975 na VHS ya JVC mwaka 1976, studio za Hollywood ziliona mwisho wa dunia. Mwaka 1976 Universal na Disney wakaishtaki Sony wakisema mashine yenyewe ni chombo cha wizi. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Marekani, na Januari 1984 majaji watano kwa wanne wakaamua kwamba mtu kurekodi kipindi cha TV ili akiangalie baadaye nyumbani kwake si kosa, na kwamba mashine yenye matumizi mengi halali haiwezi kupigwa marufuku kwa sababu tu wapo wanaoitumia vibaya. Miaka michache baadaye mauzo na ukodishaji wa kanda ukawaingizia studio hizohizo fedha nyingi kuliko viingilio vya sinema. Kile walichotaka kukizika ndicho kilichowalisha.

Jaribio la kumnyang'anya mnunuzi umiliki kabisa lilikuja 1998, Marekani, kwa diski zilizoitwa DIVX. Ulinunua diski kwa dola nne na nusu hivi, ukaiangalia kwa saa 48 tangu ulipoianzisha, baada ya hapo inajifunga. Deki yake ilikuwa imeunganishwa na waya wa simu ili makao makuu yajue umeangalia nini na ukatwe fedha ukitaka tena. Wanunuzi waliikataa, biashara ilifungwa Juni 1999, na mwaka 2001 mitambo ikazimwa. Hata waliokuwa wamelipia diski zao ziwe wazi moja kwa moja wakabaki na plastiki.

Blu-ray, iliyoanza 2006, ilikuja na kufuli gumu zaidi ambalo funguo zake zinaweza kufutwa na kubadilishwa, na ikapunguza maeneo kuwa matatu. Sisi tuko B pamoja na Ulaya na Australia. Kwa Mwanza sidhani kama inahitaji maneno mengi, maana ilitupita tukitoka kwenye DVD kwenda kwenye flashi.

Na msanii wetu je?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kwa ukali kuliko mengine, na linastahili ukali huo. Ukitetea uhuru wa mnunuzi, unamtetea pia mchomaji?

Hapana. Msanii wa Bongo muvi ameumizwa kweli. Ameazima fedha, ameshuti, ameuza haki kwa msambazaji, na baada ya siku mbili kazi yake iko kwenye kompyuta ya kibanda cha kuingizia muvi, inahamishiwa kwenye flashi kwa bei ya soda. Huo ni uvunjaji wa hakimiliki, una kufuli au hauna. Lakini uliza: kufuli lilimsaidia nini? Kwa miaka mingi filamu zetu ziliuzwa kwa VCD, ile ya diski mbili kwa filamu moja kwa sababu kila diski inabeba dakika 74 hivi. VCD haina kufuli lolote. Haina CSS wala namba ya eneo. Na zile za nje zenye makufuli yote hayo ziko kwenye flashi zilezile, zimekaa jirani na zetu. Kufuli linahitaji kuvunjwa mara moja tu, na mtu mmoja, popote duniani. Baada ya hapo nakala inatembea ikiwa wazi, na wote wanaokutana na kufuli ni wale walionunua orijino.

Wako pia wanaodhani stempu ya kodi ni kufuli au ni kibali. Stempu za TRA kwenye diski za filamu na muziki, zilizoanza 2013, zinaonyesha kwamba kodi imelipwa na humsaidia mnunuzi kuitambua nakala ya dukani. Hazizuii kunakili, wala hazikupi ruhusa ya kufanya biashara na kilichomo ndani. Mwenye banda umiza anayenunua diski yenye stempu na kutoza kiingilio amenunua diski. Hajanunua haki ya kuonyesha hadharani. Hiyo inaombwa kwa mwenye kazi.

Kinyume chake, mzazi wa Igoma anayetaka nakala ya pili ya diski ya mwanawe kabla haijakwaruzwa hafanani na mwenye banda. Sheria yetu ya 1999 ina sehemu ya matumizi huru, na humo nakala ya matumizi binafsi haihesabiwi sawa na nakala ya biashara. Kufuli halijui tofauti hiyo. Mimi naona hilo ndilo kosa lake kubwa: linachukua uamuzi ambao bunge na mahakama walipaswa kuufanya, linaukabidhi kwa kampuni iliyotengeneza deki, na hakuna pa kukata rufaa.

“Nunua” isiyo kununua

Vijana watasema diski zimekufa, mambo yako kwenye simu. Ni kweli, ila kufuli halikufa. Lilihamia huko na likanenepa. Ukipakua filamu ndani ya programu ya kuangalizia, kwa bando lako mwenyewe, faili lililoko kwenye simu yako limesimbwa. Hulihamishi kwenye flashi, humpi mama, na baada ya siku kadhaa linajifunga hadi uingie mtandaoni. Kitufe kinaandika “nunua”, lakini ulichopata ni ruhusa ya kuangalia kwa muda ambao mwenye mtambo atapenda. Huduma iitwayo UltraViolet, ghala la mtandaoni lililoanza 2011 kutunza haki za filamu ambazo watu wamezinunua, ilifungwa Julai 2019. Waliowahi kuunganisha akaunti zao na maduka mengine waliokoa walichoweza. Jimbo la California lilitunga sheria, ikaanza kutumika Januari 2025, kwamba muuzaji hawezi kutumia neno la kununua kwa bidhaa ya kidijiti bila kumweleza mteja wazi kwamba anachopewa ni leseni. Hapa kwetu ningetamani tuanzie hapohapo: kabla ya kubishana kuhusu kufuli, kasha na kitufe viseme ukweli. Diski iandikwe kwa herufi kubwa inacheza wapi, na programu iandike unakodi.

Kwa sasa, ukinunua diski au ukitumiwa, tafuta nyuma ya kasha alama ndogo yenye picha ya dunia na namba ndani yake. Hiyo ndiyo namba ya eneo. Ukinunua deki, mwambie muuzaji aijaribu mbele yako kwa diski ya eneo jingine. Na diski ya harusi iliyogoma kwenye deki ya jirani kwa kawaida haina kufuli. Aliyeichoma hakuikamilisha, kile mafundi wanachokiita kuifunga, na anaweza kuimalizia kwenye mashine ileile aliyoichomea.

Nilisahau kusema kwamba siku ile kwa fundi mama mkwe alikuwa na kitu kingine kwenye mkoba. Kanda ya harusi ya mwanawe wa kwanza, 1994. Imekaa kabatini miaka yote hiyo karibu na ziwa, na unyevu ulikuwa umeiotesha ukungu mweupe pembeni mwa utepe. Fundi akaifungua, akaisafisha kwa pamba na spiriti, akiuzungusha utepe kwa kidole, nusu saa nzima. Akaiweka kwenye mashine ya kanda aliyoitunza, akaiunganisha na kifaa cha kuingizia video kwenye kompyuta. Picha ikaonekana sekunde chache, kisha kompyuta ikasimama na kuandika kwamba kazi hii imelindwa na haiwezi kunakiliwa.

Imelindwa na nani? Ilipigwa na jirani, uani, Kirumba. Fundi alilijua tatizo. Kanda ikichakaa, mistari ya juu ya picha inayumba, na kifaa kilichofundishwa kuitafuta mipigo ya Macrovision kinaiona mipigo isiyokuwepo. Akachomoa kifaa kile, akavuta droo, akatoa kingine cha zamani zaidi kisichojua kuuliza, akaanza upya. Picha ikaja na mikwaruzo yake, na marehemu baba mkwe akaingia kwenye skrini na jembe lake akicheza ngoma ya bugobogobo, anawapita vijana. Mama akasogeza stuli mbele.

Tuliondoka na flashi mbili. Moja iko kwenye droo ya mama, nyingine ilipanda meli wiki ileile kwenda Nansio kwa bwana harusi.